Siku Tisa za Kitunguu

Jumatatu alfajiri, Uwanja ulibadilishwa kufuli.
Hatukuulizwa. Tuliamka tukakuta majibu yetu
yako nyuma ya ukuta, na ukuta una bei:
elfu tatu kwa mwezi, nikasome
nilichoandika mwenyewe kwa kidole hiki chenye kovu la gesi,
usiku wa mgawo, mwaka juzi,
nikimjibu kijana wa Kigamboni
ambaye jokofu lake lilinguruma kama mbuzi aliyekabwa.

Mimi Kondo Mwinshehe, fundi majokofu, Buguruni Malapa.
Kikundi chetu kina watu elfu kumi na moja na kitu,
na hicho "kitu" nakijua kwa majina:
Pelagia wa Tabata, muuza barafu za ukwaju;
Chausiku, anayetunza insulini ya mama yake
ndani ya friji ya mtumba;
Lyatuu wa Mbezi, mbishi,
ila kompresa anaijua kuliko mimi.

Usiku ule vikundi vyote tulikutana:
wafuga kuku wa Chanika, washona nguo wa Manzese,
mashabiki wasiosalimiana tangu fainali.
Tufunge milango? Tukifunga, watateua wasimamizi wao.
Tutukane? Matusi ndiyo wanayoyapandisha juu.
Pelagia akasema: kanuni zao nimezisoma,
kurasa arobaini.
Hakuna palipokataza kitunguu.

Asubuhi, kitunguu.
Kitunguu juu ya kompresa. Kitunguu chini ya sindano ya cherehani.
Kitunguu kiotani, tetea akikikodolea jicho la mashaka.
Na Pelagia, chini ya chake, akaandika:

    Mlikuta tumelima,
    tumepanda, tumechuma,
    ghala mkafunga nyuma,
    bei mkaibandika.

    Twawaletea, wakuu,
    zawadi ya kitunguu,
    menyeni mlio juu
    mpaka chozi kutoka.

Siku ya nne Uwanja ukaanza kututangazia
visu vya vitunguu, mbegu za vitunguu,
mafuta ya kitunguu ya kuotesha nywele.
Tulicheka sana.
Kisha kicheko kikakatika:
mashine haijui kejeli, inajua kuhesabu,
na kilio chetu ilikihesabu njaa.

Siku ya sita, saa saba usiku, simu.
Chausiku. Friji imezima, umeme upo.
Alikuwa ameuliza kikundini tangu saa tatu,
swali likazama chini ya vitunguu mia saba.
Na amri ile, kitunguu tu, niliitoa mimi.
Nikapanda bodaboda hadi Vingunguti.
Rilei imeungua. Kitu cha elfu nne.
Mama yake alikuwa ameketi kitandani,
kachupa amekazungushia kitambaa kibichi,
amekashika kama kifaranga.
Hawakunilaumu.
Kwenye meza ya jikoni palikuwa na kitunguu,
nusu, kimeanza kunyauka.

Siku ya tisa Uwanja ukajibu:
Tunathamini maoni yenu.
Ukuta umebaki. Bei imeshuka
kwa shilingi mia.

Wapo waliolipa. Lyatuu alikuwa wa kwanza,
na tulimsema, tukamwita jina ambalo siliandiki hapa.
Mwisho wa mwezi akaja karakana, macho mekundu,
kwapani kaunta buku tatu.
Alikuwa amenakili. Kila swali, kila jibu, hata ya wapinzani wake,
kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mlalo
kama wa mwalimu aliyestaafu kwa hasira.
"Nimelipa mara moja," akasema. "Sirudii."
Akaomba maji.

Ya kwanza iko hapa benchini, ina doa la grisi.
Vijana wa Malapa huja kupiga picha kurasa.
Mstari wa juu kabisa: Jokofu likinguruma
kama mbuzi aliyekabwa, anza na rilei.
Anayetaka aje asome.
Mlango naufunga saa mbili usiku.
Baada ya hapo, gonga.